Ulikunywa Maji ya Wapi?

Kibao cha rangi wanachotumia mafundi wa meno karibu dunia nzima kina meno 16 yaliyopangwa safu moja. Kampuni ya VITA ya Ujerumani ilikitoa mwaka 1956, na mpangilio wake ni ule ule: A ina wekundu wa kahawia kwa mbali, B ni umanjano, C ni kijivu, D ni kijivu chenye wekundu. Daktari akiniandikia A3, najua anachotaka kabla sijamwona mwenye mdomo. Mimi hutengeneza meno bandia hapa Kitengela, na kwetu ni Bisil, mwendo wa saa moja na kidogo ukishuka barabara ya Namanga. Kwa mteja aliyekulia Mombasa au Kisii, kibao hicho kinatosha. Kwa wengi wa kwetu hakitoshi. Kahawia yetu, ile yenye mistari ya kukingama na mabaka meupe ya chokaa, haimo.

Basi naipaka mwenyewe. Nachukua jino la akriliki lililo karibu na rangi ninayotaka, nalikwaruza kidogo juu, natia rangi kwa brashi nyembamba tabaka baada ya tabaka, kisha nafunika na kusugua mpaka ling'ae. Kazi hii hailipwi zaidi, lakini meno mawili meupe yakikaa katikati ya safu ya kahawia hujitangaza toka mbali, na mteja hurudi amefunika mdomo kwa kiganja. Vijana siku hizi husema, "Mama, nipe meupe tu, haya mengine nitayashughulikia." Wazee hutaka yafanane na ndugu zake.

Kabla sijashika brashi, huuliza swali moja: ulikunywa maji ya wapi ulipokuwa mdogo? Wengi hudhani napiga soga. Wengine hunijibu kwa fahari, kwa kuwa kwa Mmaasai kisima ni anwani. Huyu atasema mto wa mchanga wa Bisil, yule kisima cha shule, mwingine bwawa lililochimbwa zamani za Mzungu. Nikishasikia, mara nyingi najua kitakachokuwa nyuma ya midomo, na hata nyakati ambazo familia ilihama.

Jambo lenyewe ni hili. Jino la mbele la kudumu huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa na miezi michache, na ganda lake la nje, yaani enameli, hukamilika akiwa na miaka 4 au 5. Magego madogo na gego la pili huendelea hadi miaka 7 au 8, na gego la mwisho huvuka miaka 10. Katika muda huo, floraidi iliyo ndani ya maji ikizidi kiasi, seli zinazotandaza enameli huharibikiwa na kazi. Ganda linabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino hutoka kwenye ufizi likiwa jeupe lisilo na mng'ao. Kahawia huingia baadaye, miaka ikipita, kutoka kwa vyakula na vinywaji. Enameli ikishakamilika haina seli hai za kuirekebisha. Mtu anaweza kuwa na meno ya mbele safi na magego madogo yenye madoa: huyo alihamia kwenye kisima kibaya akiwa na miaka 5 hivi. Wako pia wa kinyume chake, waliotolewa kwenye kisima hicho wakapelekwa kwa nyanya aliyeishi mbali.

Kwa hiyo mdomo ni kumbukumbu, na wa kwanza kuisoma kwa kalamu na daftari hawakuwa watu wa kwetu. Nimekuwa nikiwafuatilia wageni hawa kwa miaka, makala moja moja, kwa sababu nilichoshwa na kusikia kwamba meno ya kwetu Kajiado ni meno ya Kajiado, kana kwamba tulizaliwa nayo. Kila mmoja wao alitufumbua kinywa akaona alichokuja kutafuta.

Tuanze na Wamaasai kufika huku kwa wingi. Mkataba wa 1904 ulituondoa Bonde la Ufa la kati, wa 1911 ukatuondoa Laikipia, na kufikia 1913 mifugo na watu walikuwa wamesukumwa kwenye hifadhi ya kusini. Miaka miwili baadaye reli ya Magadi ilikuwa ikipita Kajiado kutoka Konza, ikibeba magadi ya ziwa ambalo maji yake yana floraidi nyingi kupita kiasi. Ng'ombe walipenda kulamba magadi hayo. Watu walikuwa wanaishi kwa maziwa, damu na nyama, na hapo pana jambo ambalo wataalamu wa meno hulijua lakini hulisema haraka: ng'ombe akinywa maji yenye floraidi, mifupa yake huishika, na ni kidogo sana kinachopita kwenye maziwa. Mtoto aliyelelewa kwa kibuyu alikuwa anakunywa maji yaliyochujwa na mnyama mzima.

Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskochi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, pamoja na John Gilks wa idara ya tiba ya koloni, walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Walipima urefu, uzito, damu na meno. Mwanamume wa Kimaasai, waliandika, alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito kwa wastani. Walikuja kutafuta lishe, wakaiona lishe.

Mwaka 1935 akaja Weston Price, daktari wa meno kutoka Cleveland, Marekani. Yeye alikuwa akizunguka dunia kuthibitisha kwamba unga mweupe na sukari ndivyo vinavyoozesha meno. Kwenye manyatta mbalimbali alikagua Wamaasai 88, meno 2,516, akakuta meno 10 tu yaliyotoboka, katika vinywa vya watu wanne. Kitabu chake kilitoka 1939 na bado kinasomwa na watu wanaochukia mkate. Nakubali hesabu yake, maana hata leo wazee wanaokuja kwangu huwa wamepoteza meno kwa ufizi kulegea au kwa kuanguka, mara chache kwa kutoboka. Ila Price aliitumia midomo ile kama hoja dhidi ya Cleveland. Maji hakuyatilia maanani, ingawa miaka minne kabla ya safari yake Wamarekani wenzake walikuwa wamekwisha kugundua habari ya floraidi.

Habari hiyo ni ndefu, nitaipitia mbio. Mwaka 1901 daktari wa Marekani aliyekuwa Naples, J. M. Eager, aliripoti meno meusi ya wahamiaji waliotoka vijiji vya karibu na volkano. Mwaka huo huo Frederick McKay alifungua kliniki Colorado Springs akashangaa watoto wenye madoa ya kahawia. Alihangaika nayo miaka 30, hadi 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa alipopima maji na kuikuta floraidi. Volkano Italia, mawe ya mlimani Colorado, na huku kwetu Bonde la Ufa lenye majivu ya volkano toka Naivasha hadi Natron. Ingekuwa ajabu tuepuke.

Nchini Kenya, ripoti ya kwanza iliyolitaja tatizo hilo kwa jina lake ilikuwa ya Williamson, katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki, mwaka 1953. Miaka minne baadaye mwanajiolojia P. Joubert alichapisha ramani na maelezo ya eneo la Namanga na Bisil (aliandika Bissel, Wazungu walipenda kutubadilishia irabu). Hakuzungumzia meno hata kidogo. Lakini ukitaka kuelewa meno ya Bisil, kazi yake ina faida kuliko ya madaktari kadhaa. Sisi hatukukalia majivu ya volkano. Tumekalia miamba ya kale sana, ile ya mkanda unaopanda toka Msumbiji, na marumaru humo ndani. Ukielekea Kitengela na tambarare za Athi unaingia kwenye mawe ya volkano, na ukishuka Magadi ndiyo zaidi. Visima vya Kitengela na visima vya Bisil haviwezi kuwa na maji sawa, na hata visima viwili vilivyo umbali wa kutembea kwa miguu hutofautiana. Hii ndiyo sababu siulizi "unatoka wilaya gani". Nauliza kisima.

Visima vyenyewe vilikuja kwa awamu. Mpango wa ALDEV wa serikali ya kikoloni, kati ya 1946 na 1962, ulichimba mabwawa na visima. Ukame wa 1960 na 1961 uliua ng'ombe wengi sana Kajiado, na baada yake kila aliyekuwa na mpango alikuja na mtambo wa kuchimba. Sheria ya ranchi za pamoja ilipita 1968. Pamoja nayo zikaja fedha za majosho, mabomba na visima virefu zaidi. Baba yangu aliajiriwa kuendesha mashine ya maji. Injini ya Lister ilianza kuunguruma kabla ya jua, na kijiji kilijua saa kwa mlio wake. Hakuna aliyeuliza kilichomo ndani ya maji yale. Yalikuwa safi, hayakuwa na matope wala minyoo, na hayakukauka mwezi wa tisa. Kwa mama aliyekuwa akichimba mchanga wa mto kwa kibuyu kusubiri maji yajae kidogo kidogo, yalikuwa baraka tupu, na mimi sitakubali mtu yeyote kutoka chuo kikuu amwambie vingine.

Pamoja na kisima kikaja chai. Hapa nasema maoni yangu, si ya jarida. Kokoo, yaani nyanya yangu, alilelewa kwa maziwa, na meno yake aliyozikwa nayo yalikuwa meupe. Sisi tulilelewa kwa chai ya maziwa asubuhi, ugali uliopikwa kwa maji ya kisima mchana, chai tena jioni, na maharagwe yaliyotiwa magadi yaive upesi. Mchai wenyewe ni mmea unaokusanya floraidi kwenye majani. Ukipunguza maziwa ukaongeza maji, chai na magadi, umeondoa kichujio na kuongeza kinachochujwa. Ndiyo maana siwaamini wanaosema madoa haya ni ya "asili" ya jamii. Ila niseme pia kwamba wako wazee wa upande wa Magadi, wa umri wa kokoo, wenye kahawia nzito. Chemchemi zao zilikuwa hivyo kabla ya mtambo wowote kufika.

Utafiti wa kweli wa maji ulifanywa na watu wa nyumbani. K. R. Nair, Firoze Manji na J. N. Gitonga walichapisha mwaka 1984 matokeo ya visima vya nchi nzima, sampuli zaidi ya elfu moja. Asilimia 61 zilipita miligramu 1 ya floraidi kwa lita. Karibu asilimia 20 zilipita 5. Asilimia 12 zilipita 8. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Huyu Manji ni yule yule aliyekuja kuanzisha jarida la Pambazuka News. Watu wanaomjua kwa siasa hawajui kwamba alianza kwa kuangalia meno. Yeye na Wadenmark akina Fejerskov na Baelum waliandika pia, mwaka 1986, kuhusu eneo la Kenya lenye miligramu 2 tu kwa lita ambako watoto walikuwa na madoa mengi kuliko vitabu vya Ulaya vilivyotabiri. Wakauliza kama mwinuko wa nchi unachangia. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi nadhani vitabu vya Ulaya havikumhesabu mtoto anayetembea juani kilomita nyingi na kunywa maji mara mbili ya mtoto wa Copenhagen.

Kuna ngazi wanayotumia kupima madoa, ya Thylstrup na Fejerskov, 1978. Inaanzia 0 hadi 9. Katika 1 unaona mistari miembamba myeupe. 4 uso wote ni wa chokaa. 5 vishimo vinaanza. 9 sehemu kubwa ya ganda imebanduka. Nimeibandika ukutani kwangu juu ya mashine ya kusugulia. Ni lugha nzuri ya kuzungumza na daktari kwa simu.

Mbali na floraidi kuna strontiamu, na kwangu hii ndiyo tamu zaidi. Mwili huichanganya na kalisiamu. Ikipita kwenye udongo, nyasi na maziwa, huishia mfupani na menoni. Huko St. Louis, Marekani, Louise Reiss na wenzake walianza mwaka 1958 kukusanya meno ya utotoni, yakafika takriban 320,000, ili kupima strontiamu 90 iliyoanguka kutoka majaribio ya mabomu ya nyuklia. Wazazi walituma meno kwa posta. Sisi hatuhitaji bomu. Strontiamu ya kawaida iliyomo kwenye miamba hutofautiana kulingana na umri wa mwamba, na mwaka 2020 Anneke Janzen na wenzake walichapisha ramani ya tofauti hizo kwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Miamba ya kale ya mkanda wa Msumbiji iko upande mmoja, volkano changa za Bonde la Ufa upande mwingine. Maana yake ni kwamba ndama aliyezaliwa Bisil akachungwa hadi Magadi ana safari hiyo ndani ya gego lake. Wanaakiolojia wanaitaka ramani hiyo ili wajue wafugaji wa miaka elfu mbili iliyopita walihamia wapi.

Kabla yao, mwaka 1986, Stanley Ambrose na Michael DeNiro walionyesha katika jarida la Nature kwamba kaboni na naitrojeni ndani ya mifupa ya watu wa Kenya na Afrika Kusini zinamtenga mfugaji na mkulima. Nyasi za joto zina kaboni ya aina yake. Ng'ombe huila, mtu hunywa maziwa, na mfupa huweka alama. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilicheka. Mzee wa kwetu akiitwa mla nyasi atashika rungu, na hao wameandika karibu hivyo hivyo kwa hesabu.

Vitu tunavyotia mdomoni navyo hufuatiliwa. Mwaka 1989 watafiti wa Calgary, Kanada, walimziba kondoo meno 12 kwa amalgamu iliyotiwa zebaki yenye mnururisho, kisha baada ya siku 29 wakampiga picha mwili mzima. Zebaki ilikuwa imefika kwenye figo na ini. Wapinzani wao walijibu kwamba kondoo hucheua karibu kutwa, kwa hiyo hawezi kumwakilisha mtu. Mfugaji yeyote wa Bisil angewaambia hilo bure. Lakini njia ilikuwa imeonekana, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka amalgamu kwenye orodha ya vitu vya kupunguzwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuipenda kuishika.

Desturi zetu nazo zimepunguza kumbukumbu. Meno mawili ya chini ya mbele yaling'olewa, pengo likaitwa embuata, na Hollis alishaliandika jambo hilo mwaka 1905. Wazee husema ni ili mgonjwa wa pepopunda, taya likigoma, aweze kunyweshwa maziwa. Wengine husema ni uzuri tu. Mzee mmoja alinijia kutoka upande wa Mashuuru akihitaji seti ya chini nzima, nami nikampangia meno yote kama chuo kilivyonifundisha. Alijitazama kwenye kioo, akasema, "Binti yangu, huyu ni nani?" Nikaondoa mawili ya katikati. Tangu hapo huuliza mapema. Hiyo desturi naiheshimu. Ile nyingine, ya kuchokoa ufizi wa mtoto mchanga kutoa vichipukizi vya chonge kwa kudhani vinaleta kuhara na homa, siiheshimu. Utafiti wa Hassanali, Amwayi na Muriithi wa 1995 kati ya Wamaasai wa vijijini ulikuta asilimia 87 ya watoto 95 wa kati ya miezi 6 na miaka 2 wameshafanyiwa. Nayaona matokeo yake: chonge za kudumu zilizopinda, au zisizotoka kabisa.

Kuhusu dawa ya maji, iliyo na akili kuliko zote iko Nakuru. Dayosisi Katoliki ya huko ilianza mwaka 1998 kuchoma mifupa ya ng'ombe na kuisaga kuwa chenga nyeusi za kuchujia. Mfupa uliochomwa una madini yale yale ya jino, kwa hiyo hunasa floraidi kwa tabia ile ile iliyotuharibia meno. Bisil ina soko kubwa la mifugo na mifupa haikosekani. Nimelieleza hilo kwenye mikutano ya maji zaidi ya mara moja. Wanaume huuliza kama maji yatanuka, wanawake huuliza bei ya chujio na litachakaa lini, na swali la wanawake ndilo lenye maana, maana chenga zikishashiba floraidi hazifai tena mpaka zibadilishwe.

Huku Kitengela swali langu la kisima linaanza kunishinda. Mji umejaa watu waliofuata viwanda vya Athi River na viwanja vilivyokatwa kutoka kwenye ranchi. Bomba la Nol Turesh, linaloleta maji ya chemchemi za Kilimanjaro, halitoshi, kwa hiyo maji huja kwa lori. Lori hujaza kwenye kisima cha mtu, kesho kingine, kutegemea bei na foleni. Mama ananiletea binti wa miaka 12 aliyevunja jino la mbele kwa kuanguka na baiskeli, mistari myeupe imepita jino zima, ngazi ya 3 hivi. Namwuliza maji ya wapi. Anafikiri, anataja rangi ya lori na nambari ya simu ya dereva.